Sura ya Tano: Umeme Ndani ya Chupa ya Mkojo

Mtu mzima mwenye afya hutoa kwenye mkojo kati ya miligramu 250 na 750 za asidi ya yuriki kwa siku. Kiasi hicho hakifiki hata gramu moja, lakini daktari akikisoma anajua mengi: kwamba mwili unatengeneza asidi hiyo kupita kiasi, kwamba kijiwe cha figo kilichotolewa kinaweza kurudi, au kwamba dawa ya saratani imeanza kuua uvimbe kwa kasi ambayo figo haziwezi kuihimili.

Sura hii inafuata njia moja ya kupima kiasi hicho, njia ya umeme. Mpimaji huchukua mkojo kidogo, hutumbukiza ncha ya kaboni, huongeza volteji taratibu, kisha husoma mkondo unaopita. Kuigundua asidi ya yuriki kwa njia hii ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kazi iko kwenye maswali mawili ambayo lazima yajibiwe kabla namba haijaandikwa kwenye fomu ya majibu: je, kilichopimwa ni asidi ya yuriki yenyewe? Na je, imepimwa yote?

Taka ambayo miili yetu haiimalizi

Asidi ya yuriki hutokana na purini, ambazo ni sehemu ya DNA na RNA ya kila seli hai. Seli zikifa, purini zake huvunjwa. Purini nyingine huingia kwa chakula na kinywaji: maini, figo, nyama nyekundu, dagaa, bia. Ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine wengi wanaonyonyesha wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi, ambacho huigeuza asidi hii kuwa alantoini, na alantoini huyeyuka kwa urahisi kwenye maji. Binadamu na nyani wakubwa walikipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita. Kwetu sisi safari ya purini huishia kwenye asidi ya yuriki. Takriban theluthi mbili yake hutoka kupitia figo, na iliyobaki hutoka kupitia utumbo.

Mwaka 1776 mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliitambua kwa mara ya kwanza alipokuwa akichunguza vijiwe vya kwenye kibofu. Mwaka 1848 daktari Alfred Baring Garrod wa London alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa gauti, yaani jongo, imejaa asidi hiyo. Baadaye alibuni kipimo ambacho kiliweza kufanyika kwenye chumba cha daktari yeyote. Alichukua majimaji ya damu, akayatia asidi ya siki kidogo, akalaza ndani yake uzi mwembamba wa kitani, akauacha kwa siku moja au mbili. Fuwele zikiota juu ya uzi, alijua asidi ya yuriki imezidi. Kipimo cha Garrod hakikuweza kusema imezidi kwa kiasi gani, lakini kwa mara ya kwanza ugonjwa wa viungo ulithibitishwa kwa kemia.

Uzi ule ulifanya kazi kwa sababu asidi ya yuriki ni mvivu wa kuyeyuka, na uvivu huo hutegemea pH. Kwenye pH ya takriban 5.5, nusu ya molekuli zake huwa zimeachia protoni moja na kuwa yureti, ambayo huyeyuka vizuri zaidi. Kwenye mkojo wenye pH 5, lita moja hubeba takriban miligramu 150 tu. pH ikipanda hadi 7, kiasi hicho huongezeka kufikia mara kumi hivi. Ndiyo maana mtu ambaye mkojo wake ni wa uchachu daima anaweza kupata vijiwe hata kama asidi yake ya yuriki haijapita kiwango cha kawaida. Tabia hiyohiyo, kama tutakavyoona, ndiyo inayoharibu vipimo vingi kabla mkojo haujafika maabara.

Kinachosemwa na mkojo

Kipimo cha damu huonyesha kiasi kilichobaki mwilini. Kipimo cha mkojo huonyesha kiasi kinachotoka, na hapo ndipo sababu ya tatizo huanza kujitokeza. Mgonjwa wa jongo anayetoa zaidi ya miligramu 800 kwa siku akiwa anakula chakula chake cha kawaida, mwili wake unazalisha kupita kiasi. Anayetoa kidogo huku damu yake imejaa, figo zake ndizo hazitoi vya kutosha, na wagonjwa wengi wa jongo wako kwenye kundi hili la pili. Tofauti hiyo inagusa matibabu moja kwa moja. Dawa kama probenesidi huzilazimisha figo kutoa asidi zaidi. Akipewa mtu ambaye mkojo wake tayari umejaa asidi hiyo, anasogezwa karibu na kijiwe.

Afrika Mashariki ina sababu yake nyingine ya kukijali kipimo hiki. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto. Leo tunauita limfoma ya Burkitt. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa kwa binadamu, na pia ni miongoni mwa zinazoitikia dawa haraka. Uitikiaji huo una hatari yake. Mtoto anapoanza tiba, seli za uvimbe hufa kwa wingi ndani ya siku chache, purini zake humwagika kwenye damu, na asidi ya yuriki huziba mirija midogo ya figo. Kwa hiyo madaktari humpa mtoto maji mengi na dawa ya alopurinoli, na huwa wanaanza kabla ya dawa za saratani. Figo zikianza kushindwa, mkojo kidogo tu unaweza kusaidia kutafuta sababu: asidi ya yuriki hulinganishwa na kreatinini ya mkojo huohuo, na uwiano unaozidi 1 huelekeza kwamba asidi ya yuriki ndiyo inayoziumiza. Jibu la namna hiyo linahitajika siku hiyohiyo, kando ya kitanda cha mtoto.

Kutoka kwenye rangi hadi kwenye mkondo

Kwa muda mrefu asidi ya yuriki imepimwa kwa rangi. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Otto Folin wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitumia kitendanishi cha fosfotungsteti, ambacho asidi ya yuriki hukigeuza kuwa cha buluu. Baadaye maabara zilihamia kwenye yurikesi. Kimeng'enya hiki hula asidi ya yuriki na kutoa hidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya cha pili huitumia peroksaidi hiyo kutengeneza rangi, na mashine husoma ukolevu wake. Ndiyo njia inayotumika kwenye hospitali nyingi hadi sasa, na ni njia nzuri. Lakini inataka mashine, vitendanishi vinavyotunzwa kwenye baridi, na umeme usiokatika. Pia vitamini C ikiwa nyingi kwenye mkojo huila peroksaidi kabla haijatoa rangi, na jibu linashuka kuliko hali halisi.

Njia ya umeme ina historia yake. Tarehe 10 Februari 1922, jijini Prague, Jaroslav Heyrovský alipima mkondo uliokuwa ukipita kwenye matone ya zebaki yaliyokuwa yakidondoka ndani ya myeyusho, huku akibadilisha volteji hatua kwa hatua. Aliona kwamba kila kemikali huanza kupokea elektroni kwenye volteji yake, na kwamba ukubwa wa mkondo hufuata wingi wa kemikali hiyo. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1959.

Zebaki, hata hivyo, haikufaa kwa asidi ya yuriki. Asidi hii haitafuti elektroni, inazitoa. Ili izitoe, elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme kwenye myeyusho, lazima iwe na volteji chanya, na zebaki ikisukumwa upande huo huanza kuoksidika yenyewe. Suluhisho likapatikana kwenye kaboni. Mwaka 1958 Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas alieleza elektrodi ya lahamu ya kaboni: unga wa grafiti uliokandwa na mafuta, ukashindiliwa kwenye mrija. Uso wake ukichafuka, mtu anasukuma lahamu kidogo itokeze, anaifuta, anausugua uso mpya kwenye karatasi laini mpaka ung'ae, na elektrodi iko tayari tena. Mwaka 1965 W. A. Struck na Philip Elving walichapisha uchunguzi wa kina wa namna asidi ya yuriki inavyooksidika juu ya grafiti, na miaka iliyofuata Glenn Dryhurst aliendeleza kazi hiyo kwa undani zaidi.

Walichokiona kinaelezeka kwa sentensi chache. Molekuli moja ya asidi ya yuriki inapogusa kaboni yenye volteji ya kutosha, huachia elektroni mbili na protoni mbili. Kinachobaki hakitulii, hushambuliwa na maji papo hapo na kuvunjika, na kwenye pH ya kawaida ya mwili sehemu kubwa huishia kuwa alantoini. Yaani ncha ya kaboni inafanya ile kazi ambayo yurikesi hufanya ndani ya ng'ombe, na elektroni mbili zinazotoka kwa kila molekuli ndizo tunazozihesabu.

Kipimo kimoja, hatua kwa hatua

Kwenye chombo kidogo huwekwa elektrodi tatu. Ya kwanza ni ya kaboni, na ndiyo ya kazi. Ya pili ni waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha. Kazi yake ni kuwa rejea isiyoyumba, ili volteji yote ipimwe kutoka kwake. Ya tatu, mara nyingi waya wa platinamu, hukamilisha njia ya mkondo. Mkojo hauwekwi ulivyo. Mpimaji huchukua kwa pipeti mikrolita 100 na kuzitia kwenye bafa ya fosfeti ya pH 7 hadi ujazo ufike mililita 10, yaani mkojo umezimuliwa mara 100. Bafa ni ya lazima, kwa sababu kwa kila kizio kimoja cha pH volteji ya kuoksidika husogea kwa karibu milivolti 59. Mkojo wa mtu mmoja unaweza kuwa na pH 5 na wa mwingine 8, na bila bafa kilele cha asidi ya yuriki kingehamahama kutoka sampuli moja hadi nyingine.

Kisha volteji hupandishwa, kwa kawaida kuanzia karibu na sifuri. Mwanzoni mkondo ni mdogo. Ikikaribia volti 0.3 au 0.4 dhidi ya rejea, mchoro kwenye kioo huinuka, hufika kilele, kisha hushuka kwa sababu molekuli zilizo karibu na elektrodi zimekwisha. Njia inayopendwa zaidi hupandisha volteji kwa mapigo mafupi na kusoma mkondo mara mbili, kabla ya pigo na mwishoni mwake, kisha kutoa moja kwenye nyingine. Uso wa elektrodi wenyewe huhifadhi chaji, na mkondo wa kuujaza hufifia haraka kuliko mkondo wa kemia. Kusoma mwishoni mwa pigo kunauacha ule wa kwanza upite na kuubakiza huu wa pili, na kilele hutokea chembamba na safi.

Urefu wa kilele bado si jibu. Mkojo una chumvi, protini na mamia ya vitu vingine vinavyoweza kukipunguza, kwa hiyo kulinganisha na myeyusho safi wa maabara kunaweza kupotosha. Mpimaji makini huongeza asidi ya yuriki ya kiasi kinachojulikana ndani ya sampuli ileile. Tuseme kilele cha kwanza ni mikroampea 6. Anaongeza kiasi kidogo kinachopandisha ukolevu kwa miligramu 5 kwa lita, na kilele kinafika mikroampea 12. Nyongeza ya 5 imeleta mikroampea 6, basi zile 6 za mwanzo nazo zilitoka kwenye miligramu 5 kwa lita. Mkojo ulizimuliwa mara 100, hivyo ulikuwa na miligramu 500 kwa lita. Kama mgonjwa alikusanya lita 1.2 kwa saa 24, ametoa miligramu 600. Kwa kawaida mpimaji huongeza mara tatu au nne na kuchora mstari, ili kosa la pipeti moja lisibebe jibu zima.

Je, ni yenyewe?

Hapo ndipo vitamini C inapoingia. Nayo hutoa elektroni mbili, nayo hupita kwenye mkojo, na kwenye kaboni isiyoandaliwa huoksidika karibu na volteji ileile. Mchoro wa vitu hivyo viwili pamoja ni kama watu wawili wanaozungumza kwa wakati mmoja kwenye simu moja: sauti inasikika, lakini hujui nani kasema nini. Kuzimua mkojo hakusaidii hapa, kwa sababu vyote viwili hupungua kwa kiwango kilekile. Kwa mtu asiyekunywa vidonge vya vitamini, asidi ya yuriki huwa nyingi zaidi kwenye mkojo na kosa huwa dogo. Kwa anayekunywa vidonge vya gramu nzima kila siku, hali hubadilika kabisa.

Watafiti wametumia miongo kadhaa kutenganisha sauti hizo. Wengi wamebadilisha uso wa elektrodi kwa neli nano za kaboni, kwa grafini, kwa chembe ndogo za dhahabu au kwa polima, ili vitamini C itoe elektroni zake mapema, kwenye volteji ya chini, na kilele cha asidi ya yuriki kisimame peke yake. Wengine huondoa vitamini C kwanza kwa kimeng'enya kinachoioksidisha yenyewe tu.

Wengine huweka yurikesi juu ya elektrodi. Wazo hili lina mizizi kwenye kazi ya Leland Clark na Champ Lyons, walioeleza mwaka 1962 namna ya kuunganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima sukari. Yurikesi haiigusi vitamini C, na peroksaidi inayozalishwa ndiyo hupimwa. Lakini platinamu inahitaji karibu volti 0.6 au 0.7 kuisoma peroksaidi, na kwenye volteji hiyo vitamini C na parasetamoli huoksidika pia, hivyo tatizo lililofukuzwa mlangoni hurudi kupitia dirishani. Ndiyo maana wengi huipaka elektrodi rangi ya buluu ya Prussia, ambayo huipunguza peroksaidi karibu na volti sifuri, mahali ambapo vitu hivyo viwili vimetulia.

Njia ninayoiona kuwa ya uaminifu kuliko zote ni rahisi pia. Pima kilele. Tia yurikesi kwenye chombo, subiri imalize kazi, kisha pima tena. Kilichotoweka ndicho asidi ya yuriki. Kilichobaki ni vitu vingine. Kila maabara inayobuni elektrodi mpya ingefanya jaribio hili kabla ya kutangaza ushindi, tungekuwa na karatasi chache za utafiti na vifaa vingi vya kuaminika.

Adui mwingine ni uchafu unaoganda kwenye elektrodi. Protini na mabaki ya kuoksidika hushika kwenye kaboni, na kipimo cha tano cha sampuli ileile huwa kifupi kuliko cha kwanza. Vipande vya kutupwa vimesaidia sana hapa: wino wa kaboni na wa fedha huchapwa juu ya plastiki, elektrodi zote tatu kwenye kipande kimoja, kikatumika mara moja na kutupwa. Teknolojia hiyo ndiyo inayobeba mamilioni ya vipimo vya sukari duniani kila siku. Vifaa vidogo vya kupima asidi ya yuriki ya damu navyo vinauzwa, lakini asitokee mtu akadondoshea mkojo kwenye kipande kilichotengenezwa kwa damu. Ukolevu, chumvi na pH ni tofauti, na namba itakayotokea haina maana.

Je, ni yote?

Elektrodi hupima kile kilichoyeyuka. Fuwele zilizotulia chini ya chupa haizioni. Mkojo ukiwekwa kwenye friji, kama tulivyozoea kwa sampuli nyingine, asidi ya yuriki hushuka chini kama vumbi la rangi ya matofali, na kipimo bora duniani kitatoa jibu la chini. Kwa hiyo chombo cha kukusanyia mkojo wa saa 24 kwa kipimo hiki hutiwa hidroksidi ya sodiamu ili mkojo ubaki alkali, na hakiwekwi kwenye baridi. Sampuli iliyokwisha kuweka fuwele hupashwa moto hadi nyuzi 60 na kutikiswa mpaka iwe angavu, ndipo pipeti iingie.

Kazi hii haihitaji mashine ya bei kubwa. Inahitaji mtu wa maabara anayejua kwa nini chupa ina dawa ndani na muuguzi anayemweleza mgonjwa vizuri. Vyuo vyetu vinaweza kutengeneza elektrodi za kaboni kwa gharama ndogo, na wanafunzi wa kemia wanazimudu. Kinachotakiwa ni kuzipima kwa mkojo wa wagonjwa halisi dhidi ya mashine za hospitali, kabla hazijapelekwa kwenye wodi.

Nawe msomaji, ukipewa chombo cha kukusanya mkojo wa saa 24, mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kusanya wote, mchana na usiku, pamoja na ule wa saa ileile kesho yake. Usioshe chombo, kwa sababu dawa iliyomo ina kazi, na usiiguse kwa mkono kwa kuwa inaunguza ngozi. Mtajie daktari vidonge vyote unavyotumia, vitamini zikiwemo. Na ukisahau hata mara moja ukaenda chooni bila chombo, sema ukweli na uanze upya.